Kanuni, mipaka au mkono mtupu? Njia tatu za kuongoza kazi yako ya ubunifu

Mteja akiniletea kitenge, maamuzi mengi yameshafanyika kabla sijashika mkasi. Kitambaa ni hicho, yadi ni hizo, mwili ni ule, na harusi ni Jumamosi. Kwangu inabaki kushona tu. Taabu huanza jioni, nikishafunga kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, nikataka kushona kitu changu mwenyewe. Hakuna wa kuniambia shingo iwe ya duara au ya mraba. Sanduku la mabaki ya vitenge liko chini ya meza, cherehani ya mguu ipo, usiku wote ni wangu, na saa tatu bado nimekaa nayageuzageuza mabaki kama mtu anayechambua mchele usio na mawe.

Najua siko peke yangu. Kuna kijana anayepiga picha za mitumbwi pale Kibirizi. Simu yake imejaa, na hajui ni picha zipi ndizo kazi na zipi ni picha tu. Kuna mwalimu, jirani yangu, aliyeanza kuandika historia ya ukoo wao kwa shairi na kwa muda mrefu akawa na beti nne. Sote tunauliza jambo moja: kazi ambayo hakuna aliyeiagiza, iongozwe na nini?

Njia ninazozijua ni tatu. Unaweza kuanza na mkono mtupu, ukaacha kazi yenyewe ikuonyeshe inakotaka kwenda. Unaweza kujiwekea mipaka. Au unaweza kujiandikia kanuni. Nimeshona mashuka matatu ya viraka, yote ya kitanda cha tano kwa sita, kila moja kwa njia yake. Sikupanga liwe jaribio. La kwanza lilinishinda, la pili nikalishona kwa hasira ya lile la kwanza, na la tatu likaja nilipokuwa nimetulia.

Kanuni na mpaka si kitu kimoja

Tuyatenganishe maneno haya kwanza, maana yakichanganywa ulinganisho mzima unaharibika. Kanuni inakuonyesha pa kuelekea ukifika njia panda. Mpaka ni ukuta. Ukitaka kujua ulichoandika ni kipi, jiulize kama kinaweza kutimia nusu. "Jicho lipate pa kupumzika" inaweza kutimia kidogo, au sana, au hivi hivi tu. Hiyo ni kanuni. "Rangi tatu tu" haina nusu. Ukiweka ya nne umevunja. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya kanuni, lakini mpaka unahesabiwa na mambo yanaisha.

Malalamiko mengi kwamba masharti yanaua ubunifu yanatokea hapa. Mtu ameandika kanuni akaitumia kama ukuta, au amejenga ukuta kisha kila akichoka anautoboa tundu.

Nitakavyopima

Kila njia nitaiuliza maswali matano yale yale. Inakusaidiaje kuanza? Inakusaidiaje kuamua ukiwa katikati? Mambo yakiharibika, inavumilia? Utajuaje kuwa umemaliza? Na inakugharimu nini? Sikuweka swali la "ipi inatoa kazi nzuri zaidi". Kila shuka langu lina mtu anayeliona zuri kuliko yote, na mmoja wa watu hao ni shangazi yangu, ambaye habishiwi.

Njia ya kwanza: mkono mtupu

*Kuanza.* Ni rahisi kuliko zote. Nilichukua kipande nilichokipenda, kitenge cha bluu chenye ndege, nikakiweka katikati nikawa nazungushia vingine. Usiku wa kwanza ulikuwa raha tupu.

*Katikati.* Hapo ndipo ilipobana. Kila kipande kipya kilikuwa swali jipya, na swali la jana halikunisaidia kujibu la leo. Vipande havikuwa na kipimo kimoja, kwa hiyo pande zikaanza kupinda. Nilipofika upana wa futi tatu hivi, shuka lilikuwa na pembe sita.

*Mambo yakiharibika.* Njia hii inavumilia sana, maana hakuna kilichopangwa cha kuharibika. Ukikosea unaita maua. Lakini uvumilivu huo huo unakufanya ushindwe kutambua kosa, kwa kuwa huna cha kulipimia.

*Kumaliza.* Sikumaliza. Mwezi wa tatu nilianza kufumua, na fundi yeyote anajua kwamba anayefumua kitu ambacho hakina kasoro anayoweza kuitaja hafanyi kazi tena, anajikuna.

*Gharama.* Fedha kidogo, muda mwingi.

Lakini nisiionee. Kona moja ya shuka lile, kama vipande kumi na viwili hivi, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na singeifikia kwa kupanga. Niliikata nikaitundika ukutani. Baadaye ndiyo ilinifundisha kanuni za shuka la tatu. Hata katika ushairi wetu, Euphrase Kezilahabi na wenzake walipoleta mashairi huru miaka ya 1970, wakaacha urari wa vina na mizani, ubishi na wanamapokeo ulikuwa mkali. Hata hivyo wengi waliojaribu uhuru ule walikuwa wanaijua vizuri ile mizani waliyoiacha. Mkono wao haukuwa mtupu sana.

*Inamfaa* mwenye ujuzi uliomkaa mkononi ambaye amechoshwa na maagizo ya watu, na anayeanza jambo geni kabisa asiyejua bado anapenda nini. Haimfai mwenye tarehe.

Njia ya pili: mipaka

*Kuanza.* Shuka la pili nililiwekea kuta nne. Kila kipande kikatwe inchi 7 kwa 7, ili nusu inchi ikienda kwenye mshono kila upande kibaki inchi 6. Kitambaa kitoke ndani ya sanduku tu, nisinunue hata robo yadi. Rangi tatu: bluu, nyeusi na rangi ya mawese. Na liishe ndani ya usiku kumi na nne, kuanzia mwezi unapoandama.

Huo wa mwisho una sababu ya nyumbani. Baba watoto wangu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti vizuri, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kushona nyavu zao. Mwezi ukiwa mpevu yeye yuko nyumbani na meza si yangu tena.

Mara kuta zilipokaa, hesabu ilijifanya yenyewe. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72, yaani vipande 10 kwa 12, yaani 120, arobaini kwa kila rangi. Nilianza kukata usiku ule ule. Saa zile ambazo zamani ningezimalizia kwenye kugeuzageuza zilikwenda kwenye mkasi.

*Katikati.* Mipaka haikuambii kipi ni kizuri. Inapunguza tu vitu vya kuchagua. Kwangu hilo lilitosha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa tatizo langu halikuwa kukosa ladha bali kuwa na vitambaa vingi mno mbele ya macho. Ila nilipobaki na swali kama bluu ikae karibu na bluu au itawanywe, ukuta ulikaa kimya.

*Mambo yakiharibika.* Bluu iliishia kipande cha 31. Nilihitaji tisa zaidi na sanduku halikuwa na pande lolote la inchi 7 lililobaki, ila vipande vyembamba vya mikono na vya mikanda. Kuta mbili zilikuwa zimenibana, ule wa sanduku na ule wa rangi tatu. Nilikaribia kwenda dukani. Kisha nikaona kwamba ukuta ulisema inchi 7, haukusema kitambaa kizima. Nikaunga vile vyembamba viwili viwili, vitatu vitatu, mpaka vikafika kipimo. Vipande hivyo tisa vyenye mistari ndivyo kila mgeni anavyovigusa kwanza.

Yangeweza kuishia vibaya pia. Kama nisingekuwa na vile vyembamba, ningevunja ukuta mmoja, na hapo pana jambo la kuamua mapema: upi uvunjike kwanza? Mimi ningetoa wa muda. Mwingine angetoa wa sanduku. Usisubiri kuamua hilo ukiwa na hasira saa sita za usiku.

*Kumaliza.* Kipande cha 120. Hakuna cha kujiuliza.

*Gharama.* Uzi na bitana. Gharama nyingine ni kwamba shuka lina ugumu fulani, kama mtoto aliyevalishwa sare. Shangazi alilitazama akasema, "Mwanangu, limenyooka. Mpaka naogopa kulilalia." Na bado ndilo analolipenda.

Niongeze neno juu ya mahali pa kuchukua mipaka, kwa sababu wengi huitunga hewani kisha inawachosha. Mpaka unaodumu hutoka kwenye hali halisi uliyo nayo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, vitu vilivyopatikana, na ule mng'ao na rangi kali vikawa ndiyo sura ya mtindo mzima unaobeba jina lake. Na sisi wa Kigoma tuna mfano wetu bandarini. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapata 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa reli na kuunganishwa upya. Haikuwezekana kipande chochote kizidi kile ambacho safari ile ingekibeba. Nani angebishana na ukuta wa namna hiyo? Mipaka ya nyumbani haina nguvu ya reli, lakini ile ya meza inayotakiwa na baba watoto ilikuwa na nguvu kuliko "wiki mbili" ambazo ningezitoa kichwani.

Tena mipaka si kitu cha kigeni kwetu. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake chini ya mji, na ndani ya sehemu hizo tatu wasanifu hawajakaukiwa mpaka leo. Yule mwalimu wa beti nne nilimwuliza shairi lake ni la mizani mingapi. Akasema bado anaangalia. Sasa anaandika utenzi: ubeti wa mishororo minne, mizani minane kila mshororo, na kina cha mwisho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ana beti sitini na kitu. Anasema kina hicho kimemlazimisha kumkumbuka mjomba ambaye angemsahau.

*Inamfaa* aliyekwama mwanzoni, mwenye vifaa vingi au vichache mno, na mwenye tarehe. Haimfai sana mwenye kazi ambayo imeshafika nusu. Ukuta ukijengwa baada ya nyumba kuanza kukaliwa, utavunja vyombo.

Njia ya tatu: kanuni

*Kuanza.* Ngumu kuliko zote, nakiri. Nilikaa siku kadhaa mbele ya ile kona niliyoitundika ukutani, nikijiuliza kwa nini naipenda. Mwisho nikaandika sentensi tatu kwenye kipande cha boksi nikakiweka juu ya cherehani. Jicho lipate pa kupumzika. Kila kitambaa nikumbuke kilikotoka. Ndani pawe na heshima kama nje.

Kanuni nyingi zinazoandikwa hazifai kitu, na kuna namna ya kuzigundua: igeuze uone kama kuna mtu mwenye akili timamu angeitaka kinyume. "Shuka liwe zuri" haina kinyume anachokitaka mtu, kwa hiyo haiongozi. "Jicho lipate pa kupumzika" ina kinyume kinachoeleweka. Ukienda kwenye harusi zetu utaona vitenge vilivyokusudiwa jicho lisipumzike hata kidogo, na vinapendeza. Ndiyo maana kuichagua ni kuamua jambo.

Idadi nayo ina maana. Mjerumani Dieter Rams, aliyesanifu redio na vifaa vya nyumbani vya Braun, ana kanuni zake 10 za usanifu mzuri, na ya mwisho inasema usanifu mzuri ni usanifu kidogo kadiri iwezekanavyo. Kumi kwa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, sawa. Mimi na boksi langu, tatu zilinitosha, na ya tatu nilikuwa nikiisahau.

*Katikati.* Hapa kanuni ndipo zinapolipa. Nikiwa na vipande viwili vizuri mkononi, naangalia juu: jicho limepumzika wapi mara ya mwisho? Basi hapa kikae kile kisicho na maua. Sekunde chache. Kila jibu lilifanana na la jana, na shuka likaanza kuwa na tabia.

*Mambo yakiharibika.* Kanuni hazivunjiki, zinagombana. Sandukuni kulikuwa na kipande cha kitenge tulichovaa wanafamilia siku ya msiba wa bibi, maua makubwa mekundu yanayopiga kelele. Kanuni ya pili ilisema kiingie. Ya kwanza ilikataa. Nilikihamisha huku na huku wiki nzima. Mwishoni ya tatu ndiyo iliyosuluhisha: kama ndani pana heshima sawa na nje, basi ndani si mahali pa kuficha. Nilikishona upande wa chini, pale kichwa kinapolala. Hakuna anayekiona, nami najua kilipo.

Si kila mara utapata suluhu tamu hivyo. Kwa hiyo zipange kwa cheo tangu mwanzo: zikigombana, ya kwanza inashinda.

*Kumaliza.* Kanuni hazikuambii. Jicho linaweza kupewa pa kupumzika milele. Shuka hili lilichukua miezi minane, na liliisha kwa sababu kitanda kina mwisho, yaani kwa sababu kulikuwa na mpaka mmoja umejificha humo.

*Gharama.* Muda, na kufumua kwingi, ingawa safari hii kila nilipofumua niliweza kutaja sababu. Na kuna hatari ya kuzipenda kanuni kuliko kazi. Namfahamu mtu mwenye daftari zuri la kanuni za riwaya yake. Riwaya sijaiona.

*Inamfaa* mwenye kazi ndefu, mwenye kazi iliyofika katikati ikapoteza sura, na anayetaka kazi kadhaa zifanane kama ndugu. Haimfai ambaye bado hajatengeneza hata kimoja; kanuni zake zitakuwa za kuazima.

Vipi ukizichanganya?

Inawezekana, na pengine ndivyo wengi tunavyoishia. Ninachoonya ni mpangilio tu. Mipaka miwili au mitatu ya kukufanya uanze, kanuni chache utakazozivuna kwenye ulichokwisha kutengeneza. Ukianza na kanuni saba na kuta tano siku ya kwanza, umejipatia mteja msumbufu bila hata ya malipo.

Kwa hali yako

Umekaa na vifaa na hujaanza: weka mipaka mitatu, mmoja wa kifaa, mmoja wa ukubwa, mmoja wa muda. Yule kijana wa Kibirizi nilimwambia ajaribu picha 30, zote kabla jua halijachomoza juu ya vilima, zote asimame mahali pamoja. Alininunia kidogo kuhusu mahali pamoja, kisha akaenda.

Umefika nusu na kazi inakuchosha: usiongeze kuta. Tafuta sehemu moja ndani yake unayoipenda, andika kwa nini, na hiyo iwe kanuni yako ya kwanza. Sehemu nyingine zipimwe kwayo.

Ni zawadi yenye tarehe, ya ubarikio au ya mtoto anayezaliwa: mipaka, na muda uwe ukuta wa mwisho kuvunjwa. Ukubwa ndio upunguzwe. Mtoto mchanga hana haja ya tano kwa sita.

Mnafanya wawili: anzeni na mipaka, kwa kuwa inahesabika na hamtagombana. Kanuni zije mkishazoeana. Mimi na mdogo wangu tulijaribu kinyume chake, kwa pazia moja tu la sebuleni, na lile pazia mpaka leo ni la upande mmoja.

Kazi ya miaka, kama albamu ya ukoo au utenzi wa mwalimu: kanuni kwa kazi nzima, mipaka kwa kila kipande.

Unashona, unachonga au unachora kwa ajili ya wateja kila siku na mkono umekufa ganzi: mkono mtupu, lakini uupe siku zake, labda mbalamwezi moja. Ukimaliza usilitupe, hata likiwa na pembe sita. Kata kona iliyokupendeza uitundike.

Na kama hata sanduku la mabaki huna, haya yote yanaweza kusubiri. Tafuta sanduku.